Alama Hudumu, Macho ya Watu Hayadumu

Msomaji, huenda umezoea kudhani ya kuwa historia ni habari za wafalme, vita na mikataba peke yake. Lakini mwili wa mwanadamu nao ni ukurasa wa historia. Jino lililochongwa, kovu lililopangwa kwa ustadi, na nyusi zilizotiwa rangi isiyotoka kwa maji, vyote hutuambia watu wa zama fulani walipenda nini, walimwogopa nani, na walitaka kuonekanaje mbele ya wenzao.

Siku hizi kuna kazi mpya iitwayo urembo wa kudumu. Fundi huchukua sindano nyembamba mno, akaitia rangi, akachora nyusi, midomo au ukingo wa kope, na rangi ile hukaa ndani ya ngozi kwa miaka. Vijana wengi huiona katika simu zao, na wako wanaotaka kujifunza kazi hiyo ili wapate riziki, na wako wanaotaka kufanyiwa. Wote hao husema kwamba jambo hili limetoka ng'ambo. Katika insha hii nataka kukuonyesha ya kuwa, kwa watu wa Kitui na Makueni, urembo usiofutika si mgeni hata kidogo. Ulikuwako, ukaheshimiwa, ukadharauliwa, ukatoweka. Na sasa umerudi kwa sura nyingine. Mwenye kuijua safari hiyo ataweza kuchagua kwa akili zaidi kuliko asiyeijua.

Tuanze na lugha yenyewe, maana lugha huhifadhi mambo ambayo watu wameyasahau. Kiswahili kina neno kutoja, yaani kukata ngozi kidogo kidogo ili kuacha alama. Kina neno chale, yaani alama zile zilizokatwa, ziwe za urembo au za kupakiwa dawa. Kina neno kuchanja, ambalo leo twalitumia kwa sindano ya hospitali inayomkinga mtoto na surua, lakini maana yake ya asili ni kuikata ngozi. Tena kina neno nembo. Katika maana yake ya zamani, nembo ni alama iliyokatwa mwilini ili kumtambulisha mtu na watu wa kabila lake. Leo neno hilo limehama kutoka kwenye ngozi likaenda kwenye nguo na karatasi: nembo ya taifa, nembo ya kampuni, nembo ya shule iliyoshonwa kwenye sweta yako. Basi, kila asubuhi unapovaa sare ya shule, unavaa neno ambalo zamani lilivaliwa mwilini.

Wakamba wa zamani walizijua vizuri alama za namna zote mbili. Koo zao zilikuwa na alama za kuonyesha mali: alama zilizochomwa juu ya ng'ombe, zilizokatwa kwenye mizinga ya nyuki iliyotundikwa juu ya miti, na zilizowekwa kwenye mishale. Mtu aliyekuta mnyama amekufa porini na mshale mwilini mwake aliweza kujua ni mshale wa nani. Alama hizo zilikuwa za sheria. Lakini alama za mwilini zilikuwa hasa za urembo. Chale zilikatwa kifuani, tumboni au usoni, zikaacha makovu yaliyoinuka. Hapo pana akili ambayo haifai kupuuzwa. Katika ngozi nyeusi sana rangi iliyotiwa ndani haionekani vizuri, lakini kovu lililoinuka huonekana kwa kivuli chake na huhisiwa kwa mkono. Ndiyo maana sehemu nyingi za Afrika watu walichagua kovu, na watu wenye ngozi nyeupe zaidi wakachagua wino.

Lakini alama iliyowatambulisha Wakamba kuliko zote ilikuwa ya meno. C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliandika habari za Wakamba katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1910. Gerhard Lindblom, mtaalamu kutoka Sweden, alikaa Ukambani katika miaka ya 1911 na 1912, akatoa kitabu chake mwaka 1916. Habari za meno walizieleza wote wawili. Meno ya mbele ya taya la juu yalichongwa yakawa na ncha, na katika taya la chini iling'olewa sehemu ya meno ya katikati. Usidhani ya kuwa meno yalisuguliwa kwa tupa. Yalibanduliwa vipande vidogo vidogo kwa patasi ndogo ya chuma, iliyogongwa polepole, kipande baada ya kipande, mpaka ncha ikatokea.

Fikiri, msomaji, kazi hiyo ilihitaji mkono wa namna gani. Jino si gogo la mti. Tabaka lake la nje ni gumu kuliko mfupa, na likishavunjika haliwezi kuota tena. Pigo moja lililozidi lingepasua jino mpaka kwenye mshipa, na yule kijana angebaki na maumivu na uozo maisha yake yote. Kwa hiyo si kila mtu aliyeweza kufanya kazi hiyo. Ilikuwa kazi ya fundi. Patasi yake ilitoka kwa mhunzi, na wahunzi wa Ukambani walikuwa na sifa kubwa: walifua visu na mishale, wakatengeneza mikufu myembamba ya chuma na shaba, na vibano vya kung'olea nywele za usoni. Waya wa shaba na shanga ulifika kwa misafara ya biashara. Katika karne ya 19 Wakamba walipeleka pembe za ndovu mpaka pwani ya Mombasa na kurudi na bidhaa hizo. Mfanyabiashara mkuu wa Kitui, Kivoi, ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na ilikuwa katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, kwamba Krapf aliuona Mlima Kenya. Kwa ufupi, urembo wa Wakamba haukuwa mchezo wa watu waliojifungia porini. Ulitegemea ufundi wa chuma na biashara ya mbali.

Na kijana alikubali maumivu yale kwa nini? Jibu ni fupi: alitaka kupendeza. Kinywa chenye meno yasiyochongwa kilionekana kama nyumba isiyokamilika. Aliyechongwa alionyesha pia ya kuwa anaweza kuvumilia uchungu bila kulia, na uvumilivu ni sifa ambayo kila kizazi hutaka kuiona kwa vijana wake. Basi alama ile ilisema maneno mawili kwa pamoja: mimi ni mzuri, na mimi ni mtu wa hapa.

Sasa tazama jinsi macho ya watu yalivyogeuka. Katika miaka ya 1890 wamisionari Walutheri kutoka Ujerumani walikuwa wamekwisha kufika Ikutha, kusini mwa Kitui. Mwezi Desemba 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifika Nzaui, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni, wakaanzisha kituo chao cha kwanza. Scott mwenyewe alifariki mwaka uliofuata, lakini kazi yao iliendelea. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi mwaka 1899. Baada ya misheni na reli zikaja shule, kazi za mshahara, jeshi na polisi. Wanaume wa Ukambani waliingia kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles, wakaishi pamoja na watu wa makabila mengine, wakaona desturi nyingine za mwili.

Serikali nayo ilileta namna mpya ya kumtambua mtu. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa zaidi ya miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, yaani cheti chenye jina lake, habari za kazi yake na alama za vidole vyake. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Angalia tofauti iliyopo. Alama ya meno ilichaguliwa na mtu pamoja na watu wake. Kipande kilichaguliwa na mtawala. Alama ya meno ilileta fahari. Kipande kilileta hofu. Tangu hapo mtu hakuulizwa tena, "Meno yako yanasemaje?" Aliulizwa, "Kipande chako kiko wapi?"

Kidogo kidogo desturi ikafifia. Hakuna siku moja iliyotangazwa kuwa mwisho wake. Mzazi aliyempeleka mtoto wake shuleni hakumpeleka kwa fundi wa meno. Msichana aliyefundishwa misheni alimtaka mchumba mwenye meno mazima. Mwajiri wa mjini alimtazama mwenye meno ya ncha kama mtu wa porini. Lililokuwa sifa likawa aibu, na lililokuwa upungufu, yaani kinywa kisichochongwa, likawa sura ya kawaida.

Hapa ndipo penye uchungu wa habari hii, nami naomba usipapite haraka. Macho ya watu yaligeuka, lakini meno hayakugeuka. Mzee aliyechongwa akiwa kijana, akapongezwa na rika lake lote, aliishi akauona uzee ambamo wajukuu walificha vicheko kwa viganja alipofungua kinywa. Hakufanya kosa lolote. Alifanya lile ambalo watu wema wa wakati wake walilisifu. Mimi ni mwalimu, nami nimewasikia wanafunzi wakizicheka picha za wazee hao katika vitabu, na wanafunzi haohao wamechora nyusi zao kwa wanja hadi karibu na masikio. Sikuwakaripia. Niliwauliza swali moja tu: wajukuu wenu watacheka nini watakapotazama picha zenu? Darasa lilinyamaza.

Tuvuke bahari kidogo, ili usidhani ya kuwa jambo hili ni la Afrika peke yake. Mwaka 1991, katika barafu ya milima ya Alps mpakani mwa Austria na Italia, ulipatikana mwili wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Wataalamu wamehesabu alama 61 za rangi katika ngozi yake. Kwa hiyo ustadi wa kutia wino mwilini ni wa kale sana. Kilichobadilika ni chombo. Mwaka 1876 Thomas Edison alipata hati ya uvumbuzi wa kalamu ya umeme, yenye sindano iliyotoboa karatasi upesi upesi ili maandishi yaweze kunakiliwa. Mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York alipata hati ya mashine ya kuchora mwili iliyofuata mfano wa kalamu hiyo. Fundi wa zamani aliyedunga sindano kwa mkono sasa alidunga mara nyingi kwa dakika moja bila kuchoka.

Haukupita muda mrefu kabla mafundi wa London, kama Sutherland Macdonald na baada yake George Burchett, kuanza kutia wanawake rangi ya mashavu na ya midomo isiyofutika. Na mwaka 1984 daktari wa macho wa Marekani, Giora Angres, alieleza katika jarida la madaktari namna ya kutia rangi ukingoni mwa kope. Tangu hapo kazi hii ilikuwa na sura mbili: sura ya urembo na sura ya tiba. Hata leo ni vivyo hivyo. Yuko mtu aliyepoteza nyusi kwa dawa za saratani au kwa moto, na kwake nyusi za kuchorwa si majivuno. Ni kurudishiwa uso wake. Yuko mwanamke aliyekatwa titi kwa ajili ya saratani, naye fundi mwenye ujuzi humrudishia kwa rangi umbo lililopotea. Anayeidharau kazi hii yote kwa jumla hajaijua.

Sasa, msomaji, yafaa uelewe kwa nini rangi hiyo hudumu. Ngozi ya mtu ina tabaka la juu, ambalo hubanduka na kufanywa upya kwa muda wa majuma machache. Wanja na hina huishia hapo juu. Ndiyo sababu huondoka. Sindano hulipita tabaka hilo, ikaiacha rangi katika tabaka la ndani. Mwili huiona rangi kuwa adui, hutuma chembe zake za ulinzi ziimeze, lakini chembe hizo haziwezi kuimaliza. Hubaki zimeishika, na zinapokufa nyingine huipokea. Kwa hiyo kila alama ya wino ni mlinzi aliyemkamata mgeni asiyeweza kumfukuza. Rangi ya nyusi hufifia baada ya mwaka mmoja mpaka mitatu kwa watu wengi, lakini kufifia si kuisha. Aghalabu hubaki kivuli chenye rangi nyingine, na mwanga wa leza unaotumiwa kuiondoa unaweza kuzigeuza baadhi ya rangi zenye kutu ya chuma zikawa nyeusi zaidi.

Madhara yapo, nayo yatajwe waziwazi. Sindano iliyotumiwa kwa mtu mmoja ikatumiwa kwa mwingine inaweza kuchukua virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini. Chombo kinachotumiwa tena hakitakaswi kwa kufutwa kwa kitambaa. Chahitaji mvuke wenye mgandamizo na joto la nyuzi 121 kwa muda wa dakika 15 au zaidi, na sindano yenyewe haifai kutumiwa mara mbili. Rangi nazo si zote salama. Mwaka 2004 Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kupokea taarifa zaidi ya 150 za watu waliodhuriwa na aina fulani za rangi za urembo wa kudumu. Tangu Januari 2022 nchi za Umoja wa Ulaya zimezuia maelfu ya kemikali katika wino wa namna hiyo. Tena sisi wenye ngozi nyeusi tuna hatari ya pekee: makovu yanayokua kupita mipaka ya jeraha hutupata mara nyingi zaidi kuliko watu weupe. Ngozi ileile iliyompa fundi wa chale makovu mazuri yaweza kumpa fundi wa nyusi makovu asiyoyataka.

Haya yote yanatuleta kwenye swali la kazi. Je, kijana wa Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi afanye vibaya akitaka kuwa fundi wa urembo wa kudumu? Sioni hivyo. Kazi ya mikono ni kazi, na nchi yetu ina vyuo vya ufundi vinavyofundisha urembo kama vinavyofundisha ujenzi na umeme. Lakini na amtazame kwanza yule fundi wa meno wa zamani, ambaye jina lake halikuandikwa popote. Fundi huyo hakuwa na cheti ukutani. Cheti chake kilitembea sokoni. Kila kinywa alichokichonga kilimsifu au kilimshtaki mbele ya majirani kila siku ya gulio, naye hakuweza kuhamia mji mwingine na kujificha. Fundi wa leo huweza kujifunza kwa siku chache tu, akanunua mashine, akaweka picha nzuri katika simu, na mteja aliyeharibiwa asimwone tena. Vyombo vya leo ni bora kuliko patasi. Lakini dhima imepungua. Atakayeirudisha dhima ile, akajifunza muundo wa ngozi, akataja ubaya wa kazi yake kabla ya kutaja bei, na akawa na ujasiri wa kumwambia mtoto wa miaka 15, "Rudi ukiwa mtu mzima," huyo atakuwa fundi wa kweli. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Uso wa mtoto si wa fundi, wala si wa mtoto peke yake. Ni wa yule mtu mzima ambaye atakuja kuwa.

Na wewe unayetaka kufanyiwa, sikuambii ukatae, wala sikuambii ukubali. Nakuomba upime jambo moja. Katika miaka ya 1920 wanawake wa Ulaya na Marekani walizing'oa nyusi zao zikawa kama uzi. Leo watu hulipa fedha ili ziwe nene. Hakuna ajuaye zitatakiwa vipi baada ya miaka 30. Mkamba wa zamani alipochongwa meno aliungwa mkono na kijiji kizima, na mila iliyokuwa imedumu vizazi vingi. Hata hivyo macho ya watu yalimgeuka kabla hajafa. Wewe unaungwa mkono na nini? Na picha iliyopendwa mwaka huu.

Methali yetu husema kwamba uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Watu huitumia kukemea urembo wote, nami sikubaliani nao kabisa. Wazee wa Kitui na Makueni walijipamba, na hawakuwa watu wapumbavu. Tuyaheshimu meno yao katika picha za kale kama tunavyoyaheshimu maandishi, maana ni maneno waliyotuachia kwa njia waliyoijua. Lakini na tusome maneno hayo mpaka mwisho. Yanasema ya kuwa alama hudumu, macho ya watu hayadumu. Kwa hiyo atakayejitia alama na aitie kwa ajili ya macho yake mwenyewe, akiwa amekomaa, mikononi mwa fundi asiyeona haya kuulizwa maswali.